Laini ya Tatu

SEHEMU YA KWANZA

Pesa za Riyadh ziliingia saa tatu asubuhi, na Cucu Nyawira hakuwa ametoka hata kwenye foleni ya duka la M-Pesa pale Ihithe kabla hazijapungua.

"Hebu nisomee tena," akamwambia mhudumu.

Mhudumu akasoma tena, safari hii kwa sauti ya chini, maana waliokuwa nyuma walikuwa wametega masikio. Binti yake ametuma shilingi 8,000. Fuliza imekata 3,460.

"Mimi sijawahi kukopa Fuliza."

"Laini yako imekopa mara tano, Cucu. Zote baada ya shule kufungwa."

Cucu hakubisha. Mtoto wa jicho amemfunika jicho la kushoto, na la kulia haliwezi tena herufi ndogo. Mwaka mzima sasa anayebonyeza namba yake ya siri ni mjukuu wake, Ndiritu. Ndiye humsomea karatasi ya kilo za majani kutoka kituo cha chai, ndiye hutuma mchango wa chama, na ndiye humwambia nani amepiga na nani hajapiga. Kama laini imekopa, basi mkono uliokopa anaujua. Ameulisha kwa miaka minne, tangu mama yake alipopanda ndege kwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani.

Alipanda kilima polepole. Agosti huko Tetu ukungu hushuka kutoka Nyandarua na kukaa juu ya michai hadi saa sita, na mtu anayetembea husikia visu vya wakata nyasi kabla hajawaona wenyewe. Wageni hufika Ihithe kwa sababu ndiko alikozaliwa Wangari Maathai mwaka 1940. Hupiga picha na kuondoka. Watu wa hapo hubaki na mambo yao. Siku hiyo jambo la Cucu lilikuwa moja tu: kijana wa miaka 13, wa gredi ya nane, ambaye hajawahi kumwibia hata sukari.

Alimkuta nyuma ya jiko, ameinamia simu. Ile simu kubwa mama yake aliituma Desemba ili waonane kila Ijumaa. Fundi wa simu sokoni aliiwasha, akaiwekea WhatsApp, akaiwekea na mchezo wa Free Fire kwa kuwa kila mtoto alikuwa akiuomba, na wote wakashukuru.

"Umeniibia?"

Ndiritu hakujibu. Midomo ilikuwa imemkauka.

"Nauliza, umeniibia?"

"Nisamehe, Cucu."

"Lete hiyo simu." Akaitumbukiza ndani ya kiondo. Kisha, kwa uchungu wa mtu aliyeona unga na mbolea vikiyeyuka kwa dakika moja, akasema neno ambalo baadaye angetamani kulirudisha kinywani: "Mama yako akisikia haya, atakufa huko huko Uarabuni."

Niseme hapa nilichokiona katika nyumba nyingi. Cucu hakuwa mkatili. Hakuna bibi anayempenda mjukuu kuliko yeye. Lakini kuna mtu mwingine ambaye wiki mbili nzima alikuwa akimwambia Ndiritu maneno yale yale: *mama yako akijua, atakufa.* Sasa mtoto ameyasikia kwa bibi yake pia, na mlango wa mwisho umefungwa.

Mtu huyo alijiita Shiru. Alikuja ndani ya mchezo, akiwa msichana wa miaka 14 wa Nakuru, hodari wa kulenga, mcheshi. Ndiritu alipokosa almasi za kununulia mavazi ya mchezaji wake, Shiru alimnunulia. Siku iliyofuata akamnunulia tena. Akasema kwenye mchezo kuna kelele, wahamie WhatsApp. Huko akawa anauliza maswali ambayo mtoto mpweke huyaona kuwa ni mapenzi. Unalala chumba kimoja na nani? Cucu huzima taa saa ngapi? Mama hupiga siku gani? Una siri gani ambayo hujawahi kumwambia mtu? Ndiritu alijibu yote. Tangu mama yake aondoke, hakuna aliyewahi kumuuliza maswali mengi kiasi hicho.

Kisha Shiru akatuma picha ya msichana, akasema ni yake, akaomba na yeye atumiwe. Siku tatu aliomba, akanuna, akaacha kujibu, akarudi akilia. Usiku wa nne Ndiritu akatuma picha ambayo hakuna mtoto anayepaswa kuombwa na mtu yeyote.

Kabla ya dakika moja kwisha, Shiru hakuwa msichana tena. *Elfu moja kabla ya saa nne, ama mama yako ataipata kwanza, halafu kundi la darasa lenu.* Chini yake alibandika namba ya Riyadh ya mama yake Ndiritu, tarakimu kwa tarakimu.

Hivyo ndivyo Fuliza ilivyokopwa mara tano.

Saa sita mchana Ndiritu alichukua panga akasema anaenda kukata nyasi za ng'ombe. Saa nane ng'ombe alikuwa bado analia kwa njaa. Tata Muthoni, binti mkubwa wa Cucu, alifika kutoka Wamagana anakoshona sare, akalikuta panga limeegemezwa kwenye lango, kavu, halijagusa jani.

"Ndiritu yuko wapi?"

Cucu akafungua mdomo kueleza habari ya Fuliza, na kiondo kikatetemeka mapajani mwake. Tata akaitoa simu. Kioo kilikuwa kimefungwa, lakini ujumbe ulionekana juu yake.

*Umeshapanda gari? Saa kumi kamili, Nyeri stendi. Ukikosa, unajua.*

Tata akausoma mara mbili. Kabla hajainua macho, mwingine ukaingia.

*Na usimwambie tata yako. Nimemwona akipita kuja kwenu sasa hivi.*

SEHEMU YA PILI

Tata Muthoni aligeuka akatazama barabara. Ukungu umeondoka. Kuna mama aliyebeba kuni, kuna boda boda iliyoegeshwa, kuna vijana watatu kwenye kibanda cha kunyoa. Yeyote kati yao angeweza kuwa amemwona akipita, na pia watu wengine hamsini.

Hakupiga kelele. Alimpigia makanga mmoja wa magari ya Nyeri, kijana aliyemshonea sare yake ya rangi ya damu ya mzee mwezi uliopita.

"Kuna mvulana kwenye gari lako? Jaketi ya buluu, mwembamba, hana mzigo?"

"Yuko kiti cha nyuma, Tata. Tumepita Ruring'u. Hajasema neno tangu apande."

"Usimwache ashuke peke yake. Mpeleke kwa karani wa stendi, mkae naye hadi nifike. Mtu mwingine yeyote akija kumuulizia, mwangalie vizuri sura, halafu mkatae."

Makanga huyo hakuuliza sababu. Alikosa safari mbili siku hiyo, na jina lake halitatajwa kwenye taarifa yoyote, lakini bila yeye simulizi hii ingekuwa nyingine kabisa.

Saa kumi kasorobo Tata aliteremka kwenye boda boda, akamkuta Ndiritu ofisini mwa karani, mikono katikati ya magoti. Hakuna aliyekuja kumuulizia. Au alikuja, akaona, akapita.

Alimpeleka kwenye hoteli ya chai iliyo karibu, akaagiza chai na mandazi, akakaa upande mmoja naye badala ya kukaa mkabala. Ushonaji umemfundisha kuwa mtoto unayempima nguo husema zaidi usipomtazama machoni.

"Sitakupiga," akasema. "Cucu hatakupiga. Uliza tena wakati wowote, nitakujibu hivyo hivyo."

Chai ikapoa. Mandazi hayakuguswa. Kisha mtoto akauliza kwa sauti ambayo karibu isisikike, "Hata kama nimefanya kitu kibaya sana?"

"Hata hivyo."

Akaeleza. Hakueleza kwa mpangilio. Alianzia kwenye pesa, akarukia almasi, akarudi kwenye picha, akanyamaza, akaanza tena. Tata hakumkatiza hata mara moja. Hakusema "kwa nini", neno ambalo lilimjaa mdomoni. Alipomaliza, alimwambia, "Mtu mzima amekukosea. Sasa watu wazima wengine watashughulika naye," akachukua simu yake akabonyeza 116.

Ni namba ya Childline Kenya. Haikati hata senti, usiku wala mchana. Aliyepokea aliuliza jambo moja kabla ya mengine yote: mtoto yuko salama sasa hivi, na nani yuko karibu naye? Ndipo akamwelekeza. Msitume shilingi nyingine, maana anayelipwa leo huongeza dau kesho. Msifute kitu chochote, hata kile kinachotia aibu. Msimjibu kwa hasira, msimtishe, asije akavunja laini na kutoweka. Andikeni namba zake, tarehe na saa. Kisha nendeni kituo cha polisi, muulizie dawati la jinsia, na mtoto asiachwe akajieleza peke yake mbele ya kaunta.

Tata alitetemeka kidogo aliposikia *msifute*. Wazo lake la kwanza, njiani, lilikuwa kuitupa simu ya Ndiritu jikoni kwenye moto.

Kituoni, askari wa dawati hilo alikuwa mwanamke mtulivu mwenye daftari lililojaa. Alifunga mlango. Tata alipotaka kumtumia ile picha ili aione, alimzuia kwa kiganja.

"Usiitume kwangu. Usiitume kwa mtu yeyote, hata kwa mama yake. Nipe simu yenyewe."

Akaeleza kwa maneno mafupi. Sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni ya mwaka 2018, kifungu cha 24, inamhusu anayetengeneza, anayesambaza na hata anayehifadhi picha za namna hiyo za mtoto: faini isiyozidi shilingi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 25, au vyote viwili. Mzazi anayeirusha kwenye kundi la familia akiuliza "mnamjua huyu?" anaongeza jeraha, na anajiweka pabaya yeye mwenyewe. Jalada, akasema, litatumwa pia Nairobi, kwa kitengo cha DCI kinachopambana na usafirishaji wa binadamu na kulinda watoto, ambacho kina watu wa kufuata nyayo za mtandaoni.

"Na akiisambaza kabla hamjamfikia?" Tata akauliza.

"Kuna huduma ya bure inaitwa Take It Down, ya kituo cha Marekani cha NCMEC. Simu yenu inatengeneza alama ya picha, kama alama ya kidole, bila picha kutoka mikononi mwenu. Alama hiyo inapelekwa Facebook, Instagram na kwingine, na picha ikijitokeza huko inatambuliwa na kuondolewa. Ndani ya kundi la WhatsApp haifiki, sitakudanganya. Ndiyo maana namtaka mtu mwenyewe." Akamgeukia Ndiritu. "Na wewe si wa kwanza kukaa kwenye kiti hicho. UNICEF, ECPAT na INTERPOL walitoa ripoti kuhusu Kenya mwaka 2021. Kwa kila watoto mia wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti, kati ya watano na kumi na watatu walikuwa wametendewa ukatili wa aina hii kwa mwaka mmoja tu. Wengi hawakumwambia mtu. Wewe umesema."

Mlango ukabishwa. Cucu aliingia, leso kichwani, kitambulisho mkononi kama alivyoagizwa, na simu yake ndogo ya kabambe. Alipapasa hewani hadi akalipata bega la Ndiritu.

"Asubuhi nilisema neno baya," akasema kwa Kikuyu, mbele ya wote. "Mama yako hatakufa. Ni mtu mzima. Ataumia, halafu atasimama. Mimi pia nimesimama, unaniona?"

Hapo ndipo mtoto alipolia kwa mara ya kwanza siku hiyo. Askari alisubiri. Hakutazama saa.

Kisha akauliza swali ambalo Tata hakuwa amelifikiria. "Ulipotuma pesa, M-Pesa ilikuonyesha jina la mpokeaji. Lilikuwa jina gani?"

Ndiritu akamtazama bibi yake, akatazama sakafu.

"Sema, mwanangu."

"Lilikuwa la Cucu."

Kimya.

"Mara zote tano. Nilifikiri nimekosea namba, nikarudia. Likaja jina lake tena. Yule mtu akaniandikia: *unaona? Naweza kuwa mtu yeyote ndani ya nyumba yenu.*"

Sasa Tata akaelewa kwa nini mtoto hakukimbilia kwa bibi yake. Mkononi mwake, jina la adui na jina la bibi lilikuwa moja.

Askari hakushangaa. Alichukua kabambe ya Cucu akabonyeza *106#, njia ya kuuliza ni laini ngapi za Safaricom zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Cucu ana laini moja. Amekuwa nayo miaka kumi na mbili, na namba yake imechongwa kwa msumari nyuma ya mlango wa jiko.

Jibu likaja. Laini zilikuwa tatu.

"Moja ni yako," askari akasema. "Nyingine inafanana na ile inayopokea pesa. Ya tatu bado siijui kazi yake. Cucu, aliyezisajili alikishika kitambulisho hiki mkononi, au ana picha yake. Tangu mwaka jana umempa nani?"

Cucu alifumba macho. Anayeshindwa kusoma huwakumbuka watu wote waliowahi kumsomea. "Fundi wa simu sokoni, tulipowasha ile ya Riyadh. Alisema anahitaji kukipiga picha." Akahesabu kidole cha pili. "Katibu wa chama chetu, alipofungua akaunti ya benki." Kidole cha tatu kikakaa hewani muda mrefu. "Na kijana mzuri wa kanisani, wiki iliyopita. Anaandikisha watoto kwa darasa la kompyuta la likizo. Alisema kila mtoto lazima awe na kitambulisho cha mlezi na namba ya simu."

"Darasa hilo linaanza lini?"

"Jumatatu."

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi na mbili jioni. Askari aliandika majina yote matatu kwa mkono usioharakisha na hakulipigia mstari hata moja, kwa sababu jina la mtu likishatamkwa kijijini kabla ya ushahidi, mwenye hatia hukimbia na asiye na hatia huchomewa nyumba. Alimsihi Cucu asimwambie mtu, hata mchungaji, hata jirani.

Walikuwa wanainuka kuondoka Ndiritu alipomshika Tata mkono wa sweta.

"Bado hutanipiga?"

"Nilikwambia."

"Leo asubuhi hakutaka pesa." Alikuwa anameza mate. "Alisema atafuta picha zote nikimpatia mtu mwingine wa kucheza naye. Nilikataa. Akasema basi anampigia mama. Nikampa namba."

"Namba ya nani?"

Mtoto hakuweza kulitamka jina. Akaonyesha kwa kidole simu ya Tata, ile picha iliyo kwenye kioo: Wairimu, binti yake wa miaka 11, anayebaki peke yake dukani Wamagana kila Jumamosi, na simu ya zamani aliyoachiwa ili wateja wapige.

Tata Muthoni alibonyeza namba ya mwanawe, akaiweka simu sikioni. Askari alikuwa tayari amesimama, ufunguo wa gari mkononi.

Simu haikuita. Sauti ya mtambo ikasema namba hiyo inatumika kwa sasa.

*Itaendelea Jumamosi ijayo.*

*Kwa msomaji: wahusika wa simulizi hii ni wa kubuni. Namba 116 si ya kubuni. Hupigwa bure mahali popote Kenya, saa 24, na mtoto mwenyewe anaruhusiwa kuipiga. DCI hupokea taarifa bure kwa 0800 722 203. Jumamosi hii, kabla ya kulala, bonyeza *106# kwenye laini ya mzazi wako, mhesabu pamoja.*